Mkono Uliomimina Maji

Ndugu zangu, leo sina raha, na sitawaficha. Hubiri nililoandaa tangu Jumatano nimeliacha juu ya meza ofisini, makusudi. Kuna jambo linanisumbua kifuani, na nisipolisema leo nitaugua. Kwa hiyo kaeni vizuri. Na wewe ndugu yangu pale kwenye nguzo ya tatu, umeinamisha kichwa, nilidhani unaomba, kumbe kidole kinapanda na kushuka. Iweke simu mfukoni, baba. Haitaoza.

Nawapa mfano.

Palikuwa na mji mdogo huko milimani, mji wenye stendi moja, soko moja, makanisa matano na mashine moja tu ya kukoboa na kusaga. Mwenye mashine alikuwa mwanamume wa makamo, mpole, mwenye kikohozi cha vumbi la unga kisichomwisha. Jina lake sitasema. Nikilisema mtaanza kutafuta picha yake. Jueni tu kwamba kwa miaka kumi na minane hakuna ugali uliopikwa katika mji ule ambao haukupita mikononi mwake. Wa harusi, wa msiba, wa mgonjwa aliyetoka hospitali, wote ulikuwa wake.

Sasa kina mama, nisaidieni, maana wanaume humu tunajua kula tu. Ukitaka sembe, mahindi yakiwa makavu, unafanyaje kabla ya kuyapeleka kwenye kinu cha kukobolea? Semeni kwa sauti. Unayalowanisha! Unayamwagia maji kidogo, unayageuza kwa mkono, unayaacha yanywe, ili ganda likubali kutoka. Usipolowanisha, pumba haiachii, na unga unatoka na rangi ya vumbi. Mtoto wa darasa la pili analijua hilo.

Na maji hayo mnabebea nini? Mbona mnacheka? Ndoo ya rangi! Nani humu hana ndoo ya rangi nyumbani kwake? Rangi iliisha mwaka ule nyumba ilipopakwa, ndoo ikasuguliwa kwa mchanga na majivu, na tangu hapo ni ya maji, ya maziwa, ya maharage ya msibani. Hata ile ya kunawia mikono hapo nje ni ya rangi, na maandishi yake hayajafutika. Mmenawa wote, na sijaona aliyekufa.

Haya. Siku moja ya Ijumaa, mama mmoja alipeleka debe lake la mahindi mashineni. Alikuwa mjane, fundi cherehani, anashona sare za shule, ana watoto watatu, na binti yake mkubwa alikuwa anapata kipaimara Jumapili ile. Alitaka ugali mweupe kwa ajili ya wageni. Akaja na ndoo yake ya rangi, akayamwaga mahindi kwenye sinia kubwa la bati, akaanza kumimina maji. Mwenye mashine alikuwa amesimama mbele yake, mikono kiunoni, akamwambia maneno aliyomwambia kila mteja kwa miaka kumi na minane: "Ongeza, mama. Ongeza kidogo, unga utoke mweupe."

Pembeni alikuwepo mgeni kutoka jijini, aliyekuja kwenye sherehe hizo za kipaimara. Alikuwa hajawahi kuona mashine kama ile. Akatoa simu, akarekodi. Sekunde kumi na moja. Uso wa mwenye mashine unaonekana wote. Ndoo ya rangi inaonekana. Ya yule mama unaonekana mkono tu, kuanzia kiwiko kwenda chini. Na sauti inasikika vizuri: ongeza kidogo, unga utoke mweupe. Mgeni akaiweka kwenye simu yake ili marafiki waone, akaandika, "Kumbe siri ya sembe nyeupe ndiyo hii!" na sura tatu za kucheka. Hakuwa na ubaya. Jumatatu alipanda basi akarudi kwake, akasahau.

Klipu haikupanda basi. Ilibaki mjini pale, ikaingia kwenye kundi la mji, lile la simu, lenye watu zaidi ya mia mbili. Walimu wamo, wazee wa kanisa wamo, muuguzi yumo, muuza mkaa yumo. Sasa nataka mnisikilize kwa makini, maana hapa ndipo ninapokosa raha. Wa kwanza akaandika, "Jamani, hii ndoo ina nini?" Ameuliza swali tu. Kuuliza ni dhambi? Wa pili akaandika, "Mimi naona ni ndoo ya rangi." Ni kweli, ilikuwa ndoo ya rangi. Wa tatu, mama wa watu, akaandika, "Mwanangu anaumwa tumbo tangu Jumanne." Na huyo naye alisema kweli. Mtoto alikula mapera mabichi, lakini tumbo lilikuwa linauma kweli. Wa nne akaweka methali: "Lisemwalo lipo, kama halipo laja." Wa tano hakuitazama hata hiyo klipu, bando lilikuwa limemwishia. Alisoma tu ya wenzake, akaandika kwa herufi kubwa: "TAHADHARI. MASHINE YA MJI INACHANGANYA RANGI KWENYE UNGA. SAMBAZA UOKOE MAISHA."

Nionyesheni mwongo hapo. Nawaomba. Wa kwanza? Wa pili? Huyu wa mwisho, aliyedhani anaokoa maisha? Nimewapekua wote watano usiku na mchana, sijampata mwongo. Nimepata uongo tu, mkubwa, umesimama kwa miguu yake mwenyewe.

Turudi kwa yule mama. Saa kumi jioni alikuwa kwenye cherehani yake, simu ikawa inalialia pale mezani. Akaifungua. Akauona mkono wake. Aliujua kwa lile kovu la pasi, na ndoo aliijua kwa mshikio wake, ambao aliufunga kwa kitambaa cha sare. Akashtuka, akacheka kidogo peke yake, akaanza kuandika: "Jamani, ndoo hiyo ni yangu na maji ni ya bomba." Kidole kilikuwa kimebakiza kubonyeza tu. Mara ukaingia ujumbe mwingine: "Na huyo mwanamke anayemimina ni nani? Atajwe!" Ukafuata mwingine: "Hao wanashirikiana. Aletwe sokoni tumwone." Na mwingine, na mwingine. Mama wa watu akaanza kufuta alichoandika, neno moja moja, mpaka ukabaki ukurasa mtupu.

Kabla hajatulia, akaingia mteja kuchukua sare ya mwanawe.

"Fundi, umeiona ile klipu?"

"Nimeiona."

"Sasa wewe unasemaje?"

"Mimi nasema labda tungengoja kwanza, tuulize..."

Mteja akamkazia macho. "Tungoje nini, fundi? Mpaka watoto wetu wafe? Au na wewe una lako na yule mzee?"

"Hapana, dada. Ni kweli. Hakuna cha kungoja."

Mmesikia? Maswali matatu tu, na mtu anayejua ukweli wote amekwisha kuhamia upande wa pili. Hakupigwa. Hakutishwa kwa panga. Alikaziwa macho. Nyie mnaona alikuwa mwoga, eh? Mwenzenu aliwaza sare kumi na nne zilizokuwa zimekunjwa pale mezani na wenyewe walio katika kundi lile lile. Mimi simcheki.

Jioni ile mzee mmoja wa kanisa akaandika: "Kuanzia kesho asiende mtu kwenye ile mashine. Mnaokubali wekeni dole gumba." Madole yakaanza kupanda. Kumi. Thelathini. Hamsini. Yule mama akatazama. Akajiambia, wengi wape. Akajiambia, dole moja halimuui mtu. Na tena, nisipoweka, si wataanza kuuliza kwa nini fundi hajaweka? Akaweka la kwake. Lilikuwa la sitini na moja.

Mashine ikanyamaza. Bwana afya akaja, akachukua unga kwenye mifuko, ukapelekwa kupimwa. Baada ya wiki mbili ikarudi karatasi yenye mhuri: unga ni safi, hakuna rangi wala chochote. Ikapigwa picha, ikawekwa kwenye kundi. Mnafikiri walisema nini? Mnajua wenyewe. "Huyo bwana afya naye kala." Neno hilo moja, na karatasi yenye mhuri ikawa si kitu.

Watu wakaanza kubeba mahindi kichwani kwenda kijiji cha pili, saa mbili kwenda, saa mbili kurudi, kupanda na kushuka. Huko wakakuta mashine nyingine, na mwenye mashine mwingine, naye akawauliza, "Mmelowanisha?" Wakasema bado. Wakachota maji. Kwa kitu gani? Kwa ndoo zao za rangi. Mnacheka! Wakamimina wenyewe, kwa mikono yao, wakageuza, na yule bwana akawaambia, "Ongezeni kidogo." Yule fundi cherehani alikuwepo kwenye foleni. Akamsikia jirani yake akimnong'oneza mwenzake:

"Hivi, si ndivyo alivyokuwa akifanya yule wa kwetu?"

"Nyamaza wewe! Watu watakusikia."

"Watu gani? Si ndio sisi hapa?"

Yule mwenzake akainama, akaendelea kugeuza mahindi.

Ndugu zangu, mngeweza kupita mlango kwa mlango katika mji ule, mkamkalisha kila mtu peke yake, mkamuuliza taratibu kama anaamini ile rangi, naye angewaambia kwa sauti ya chini, "Mimi binafsi, sidhani. Lakini watu wanasema." Kila mmoja angewaambia hivyo! Mji mzima uliogopa watu, na hao watu hawakuwepo. Yalikuwa maoni ya wote, na hayakuwa ya mtu yeyote. Kwa hayo, mtu mmoja alikuwa anakaa nje ya mashine yake kila asubuhi, amevaa shati lake la kazi, anangoja mteja, mpaka saa sita mchana.

Yale maneno ya foleni yalimkera yule mama hadi akashindwa kushona. Anapindua suruali, anashona mguu kwa mguu. Jumamosi asubuhi akaacha kila kitu, akaenda mashineni. Akamkuta yule bwana amechuchumaa, anafungua boliti za mota.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mama. Karibu." Akainuka haraka, akajifuta mikono. "Umeleta mahindi?"

Kwa swali hilo mama alitamani ardhi ipasuke. "Sikuleta mahindi, baba. Nimekuja kusema. Ule mkono kwenye klipu ni wangu."

"Najua."

"Unajua?"

"Mama, si nilikuwa nimesimama mbele yako?"

Mama akauliza, "Hawakuja kukuuliza ni nani?"

"Walikuja. Mara mbili. Wakaniambia, wewe tutajie huyo mwanamke, tumalizane naye, na wewe tutakuacha uendelee kusaga."

"Ukawaambiaje?"

"Nikawaambia ni mteja, na wateja wangu siwataji."

Mama akaanza kulia. "Kwa nini, baba? Ungenitaja tu, ungekuwa unasaga mpaka leo."

"Na wewe ungekuwa unashona?" Yule bwana akarudi kuchuchumaa kwenye boliti zake. "Una watoto watatu. Mimi nina mashine. Mashine inauzwa."

Mama akafuta machozi. Akasema, "Nitaandika leo hii. Nitawaambia kila kitu, halafu nikuletee simu uone mwenyewe nilichoandika."

"Huna haja ya kuniletea, mama. Nitaona."

"Utaonaje?"

Akatoa simu mfukoni, ndogo, kioo kimepasuka, imejaa unga. "Mimi nimo humo," akasema. "Tangu kundi lilipoanzishwa. Hakuna aliyekumbuka kuniondoa."

Ndugu zangu! Alikuwamo. Kila walichomwita, walimwita akiwa amekaa katikati yao, anasoma. Mwizi, muuaji, mchawi, alete watoto wake na wao tuwaonjeshe. Aliyasoma yote, na hakujibu, maana ni nani angemsikia?

Yule mama akauliza, "Basi, na yale madole uliyaona?"

"Niliyaona. Nilikuwa namngoja mtu mmoja tu. Nikawa najiambia, wengine hawajui, lakini fundi anajua, fundi atasema. Yakapanda, nikawa nayatazama moja moja na majina yake. Lilipofika la sitini na moja nikazima simu."

Hakusema kwa hasira. Afadhali angesema kwa hasira.

Mama aliandika. Palepale, amesimama kwenye pumba. Akapiga picha ndoo yake na kovu lake, akaandika, "Mkono ni wangu, ndoo ni yangu, maji ni ya bomba, na nilijua tangu siku ya kwanza. Nisameheni, na mwombeni msamaha mzee wetu." Watu zaidi ya mia mbili wakausoma ujumbe ule. Mnataka kujua walijibu nini? Lisaa lizima hakuna aliyejibu hata neno moja. Kisha mtu mmoja akatuma picha ya maua na kikombe cha chai: "Jumamosi njema na yenye baraka kwenu nyote." Wakamwitikia Amina, Amina, Amina, mpaka ujumbe wa yule mama ukapanda juu, usionekane tena. Jumatatu mnunuzi akaja na gari, akabeba mota.

Mfano wangu umeishia hapo. Najua mlitaka arudishiwe mashine. Na mimi nilitaka.

Lakini sikuja hapa kuwasimulia mambo ya milimani. Mnajua kwa nini nimeacha hubiri langu mezani? Mwezi wa pili sasa umepita tangu ile sauti iliyorekodiwa, ya sekunde arobaini, ilipopita kwenye kundi letu la usharika. Naona mmenyamaza ghafla. Ile iliyomhusu dada yetu, aliyekuwa akikaa benchi lile la nne na kutunza vyombo vya meza ya Bwana. Sisi tuliisikia. Wengine wetu tuliisikia mara tatu. Humu ndani wamo watu wasiopungua sita waliokuwa naye siku iliporekodiwa, waliojua kwamba ile sauti imekatwa mwanzo na mwisho. Siwataji. Mnajijua. Na mmekuja kwangu mmoja mmoja, kwa sauti ya chini, mkaniambia, "Mchungaji, mimi binafsi sidhani, lakini watu wanasema."

Watu gani? Si ndio sisi hapa?

Na mimi je? Mnadhani nimesimama huku juu kwa sababu mimi ni msafi? Siku ilipotumwa niliweka ile alama ya mikono miwili ya kuomba chini ya ile sauti. Niliona ni jambo la busara, la kichungaji. Jioni yake mama mmoja akaniambia, "Tulikuwa na mashaka, lakini tulipoona na wewe umeweka mikono, tukajua ni kweli." Sijalala vizuri tangu hapo. Sikusema uongo hata kidogo. Niliweka mikono tu.

Jana nilifungua orodha ya wanakundi, nikaipitia jina kwa jina, taratibu. Nilikuwa naogopa nitakachokikuta, na nimekikuta. Dada yetu yumo. Hakuna aliyemwondoa, na yeye hakutoka. Wiki nane hajaingia kanisani, na wiki nane anatusoma.

Msiniitikie Amina. Leo siitaki. Na wala msiandike chochote kwenye kundi mkitoka hapa, mmeshaandika vya kutosha. Baraka ya mwisho sitaitoa humu ndani. Nitaitoa mlangoni kwake, akinifungulia, na asiponifungulia nitakaa nje kwenye kizingiti chake mpaka jua linizamie. Ni mwendo wa robo saa kwa miguu. Wale sita mnaijua njia. Mimi natangulia.